Kifurushi cha kituo cha hali ya hewa cha kuundwa na wanafunzi: tathmini kwa shule za Kisumu, Nakuru na Magharibi

Vifurushi hivi huuzwa kwa majina mbalimbali, lakini ukifungua boksi unakuta vitu vilevile: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), kihisi cha jotoridi na unyevu cha DHT11 au DHT22, kihisi cha shinikizo la hewa, saa ya DS3231, kisomaji cha kadi ya kumbukumbu, paneli ndogo ya sola, na seti ya plastiki ya kupimia mvua na upepo yenye plagi kama za simu ya mezani. Bodi peke yake hupatikana Nairobi kwa takriban shilingi 1,000 na hutumwa kwa basi hadi Kisumu au Nakuru. Kinachokula pesa ni seti ya mvua na upepo, ambayo huuzwa kati ya dola 70 na 90 kabla ya usafiri na ushuru.

Tathmini hii ni ya klabu za sayansi na walimu wa Jiografia wanaotaka rekodi ya kuchunguzia mabadiliko ya tabianchi, si kifaa cha kuonyeshwa siku moja kwenye kongamano la sayansi. Kwa kazi hiyo kifurushi kinastahili kununuliwa, kwa masharti matatu: kihisi cha jotoridi kibadilishwe, kiundiwe kivuli cha kweli, na kipimamvua cha mkono kisimamishwe kando yake. Shule isiyoweza kutimiza hayo afadhali inunue kipimamvua cha mkono na kipimajoto cha kiwango cha juu na cha chini, elektroniki isubiri.

Kipimamvua ndicho kipande bora zaidi ndani ya boksi, na ndicho kinachoharibika kirahisi zaidi. Maji huingia kwenye faneli na kudondokea vikombe viwili vidogo vilivyo kwenye ncha za bembea. Kimoja kikijaa, bembea inapinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, na bodi inahesabu mpigo mmoja. Karatasi ya maelezo husema kila mpinduko ni milimita 0.2794 za mvua. Namba hiyo ijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Pima mdomo wa faneli kwa rula; nyingi ni sentimita 11 kwa 5, yaani sentimita 55 za mraba. Hapo milimita 1 ya mvua ni mililita 5.5 za maji, na mpinduko mmoja ni kama mililita 1.54. Chukua sirinji ya duka la dawa, pima mililita 154, tia kwenye chupa iliyotobolewa kwa sindano, na acha maji yadondoke kwa muda wa dakika 40. Mipinduko inapaswa kuwa 100. Ukipata 92, gawanya 154 kwa 92, kisha gawanya jibu kwa 5.5: kila mpinduko wa kifaa chako ni milimita 0.304, na hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye programu. Rudia jaribio mara tatu. Majibu yakipishana kwa zaidi ya asilimia 5, aidha bembea imelegea au kifaa hakikulala sawa. Weka pima maji juu ya mdomo wa faneli, kwa urefu na kwa upana.

Ukimimina mililita zilezile 154 kwa dakika mbili, hesabu itashuka. Sababu ni kwamba bembea inapokuwa njiani kupinduka, maji bado yanaingia kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Kwa mvua ya rasharasha hasara hiyo haionekani. Lakini ukanda wa ziwa haupati mvua zake kubwa kwa rasharasha. Dhoruba nyingi za Kisumu, Nandi na Kericho hujengeka alasiri, upepo wa ziwa unapopanda kuelekea kwenye miinuko, na hutua kwa nguvu katika muda mfupi. Kwa hiyo kifaa hupunja siku zilezile ambazo mtafiti wa mafuriko ya Nyando au Budalang'i anazihitaji zaidi.

Ndiyo maana tunasisitiza kipimamvua cha mkono. Chenye kipenyo cha milimita 127 kinatosha. Kwa mdomo huo, milimita 1 ni mililita 12.7, kwa hiyo silinda yoyote ya maabara inaweza kupimia. Kisomwe kila siku saa tatu kamili asubuhi. Jumla ya siku iaminiwe ya mkono. Elektroniki itumike kueleza mvua ilianza saa ngapi, ilidumu kwa muda gani na ilikuwa na nguvu kiasi gani. Tarehe nazo huvuruga: maji yanayosomwa leo saa tatu asubuhi ni mvua ya saa 24 zilizopita, na nyingi huwa ilinyesha jana jioni. Programu nyingi za bure hujumlisha kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku. Ukiweka jumla hizo kando ya za mkono zitaonekana zinagombana hata kama vifaa vyote viwili ni vizima. Rekebisha programu ijumlishe kuanzia saa tatu asubuhi, ambayo ni saa 06:00 ya UTC, yaani saa ya kimataifa.

Faneli kuziba ni jambo la kutarajia. Karibu na ziwa kuna wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi mazito kama moshi. Ukanda wa miwa una majivu ya mashamba yanayochomwa kabla ya kuvunwa. Kila mahali kuna majani na kinyesi cha ndege. Faneli iliyoziba nusu haisomi sifuri. Inachuja mvua ya nusu saa ikaonekana kama manyunyu ya saa tano, na mwanafunzi akiitazama grafu anaweza kudhani ni aina mpya ya mvua. Ukiona mipinduko inayofuatana kwa vipindi karibu sawa kwa saa nyingi huku nje kukiwa na jua, kafungue faneli. Utando wa buibui ndani ya bembea ndio huleta sifuri kamili. Usafi mara moja kwa wiki, kila Ijumaa kwa mfano, unatosha, na uandikwe kwenye daftari pamoja na saa, kwa sababu kuigusa bembea wakati wa kusafisha huongeza mipinduko ya uongo inayopaswa kufutwa baadaye.

Kuhusu jotoridi hatuna huruma. DHT11 ina kosa la hadi nyuzi 2 za Selsiasi kwa kila upande. Dunia yote kwa wastani ilikuwa imepata joto la ziada la takriban nyuzi 1.1 kufikia mwongo wa 2011–2020, ikilinganishwa na 1850–1900. Kifaa chenye kosa kubwa kuliko badiliko lenyewe hakina nafasi katika mradi huu. DHT22 ni afadhali, kosa lake ni kama nusu nyuzi, ila haistahimili asubuhi za umande. Unyevu ukitanda juu yake mara kwa mara hugandia karibu na asilimia 100 na haushuki hata jua likiwa kali. Nunua SHT31 kwa jotoridi na unyevu, na utumie BME280 kwa shinikizo.

Kwenye BME280 ndipo wanunuzi wengi hupunjwa. Inafanana sana na BMP280, ambayo ni rahisi zaidi na haipimi unyevu kabisa, na hutokea BMP280 ikauzwa kwa jina la BME280. Tazama kijisanduku cha chuma kwenye bodi: cha BME280 ni mraba, cha BMP280 ni mstatili. Hakikisha kwa programu: soma rejista 0xD0. Jibu 0x60 ni BME280. 0x58 ni BMP280. Fanya hivyo siku mzigo unapofika, kabla ya kulehemu chochote, la sivyo muuzaji atakuwa na sababu ya kukataa kurudishiwa.

Majaribio mawili yanaweza kufanywa na kidato chochote. Kwa unyevu, tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko, ilowanishe hadi iwe kama uji mzito, iweke ndani ya mtungi unaofunga vizuri pamoja na kihisi kisichogusa chumvi, na usubiri hadi kesho yake. Hewa ndani ya mtungi hutulia kwenye asilimia 75. Kwa shinikizo, acha kifaa kisome kwa siku mbili tulivu. Karibu na ikweta shinikizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: kilele karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde karibu na saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kihisi kizima huchora mawimbi hayo waziwazi. Wala usishtuke Kisumu ikisoma kati ya hektopaskali 880 na 890, au Nakuru ikisoma 810 na kitu; namba za elfu moja na zaidi ni za usawa wa bahari.

Sasa kivuli. Vifurushi vingi huja na kikasha cha plastiki chenye matundu machache, na ukikiweka juani kihisi hupima joto la kikasha badala ya la hewa. Mchana wa jua kali kosa hilo linaweza kufika nyuzi kadhaa. Kivuli kizuri huundwa kwa sahani nyeupe za plastiki, nane hadi kumi, zilizopinduliwa na kupangwa moja juu ya nyingine kwa nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2. Zishikwe na vyuma vitatu vyenye meno vya milimita 6, na kati ya sahani na sahani vikatwe vipande vya bomba jembamba la PVC vishike nafasi. Sahani za katikati zitobolewe tundu kubwa ili kihisi kining'inie ndani bila kugusa ukuta. Ya juu kabisa ibaki nzima, na juu yake iongezwe nyingine yenye pengo, kwa kuwa hapa kwetu mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri linasimama utosini na sahani moja hupitisha joto. Michoro ya kivuli inayotoka nchi za mbali na ikweta mara nyingi hudharau jua la kutoka juu. Fundi wa jua kali anayejua mbao anaweza pia kuunda sanduku la Stevenson lenye kuta za vibao viwili vya mlazo. Ni zito na linahitaji rangi nyeupe kila mara, lakini ndilo bora.

Kihisi kikae kati ya mita 1.25 na 2 juu ya nyasi, si juu ya saruji wala paa la mabati. Kisikae ndani ya kikasha kimoja na bodi, kwa maana ESP32 inapotuma data hutoa joto lake. Waya kati yao usizidi mita moja. Nyaya za I2C, yaani zinazobeba data ya kihisi, zikirefushwa usomaji hukatika, na kosa hilo husumbua kwa sababu huja na kuondoka. Ikikulazimu kurefusha, shusha kasi hadi kilohezi 100 na utumie rezista za kilo-omu 2.2 badala ya 4.7.

Kwenye programu kuna mtego mkubwa kuliko yote. Ili kuokoa betri, mifano mingi hulaza bodi kwa dakika 10, inaiamsha, inasoma, kisha inailaza tena. Mipinduko inayotokea bodi ikiwa imelala haihesabiwi. Kituo kinaonekana kinafanya kazi vizuri, mvua inarekodiwa, ila ni sehemu ndogo tu ya iliyonyesha. Swichi ya mvua lazima iwe na uwezo wa kuiamsha bodi, au hesabu ifanywe na kichakataji kidogo cha ULP kilichomo ndani ya ESP32. Jaribu kwa mkono: pindua bembea mara kumi wakati bodi imelala, kisha uone kama kumi zote zimeandikwa.

Mengine ni mafupi. Pini 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani, kwa hiyo waya wa mvua ukiunganishwa hapo bila rezista ya nje ya kilo-omu 10 utahesabu mipigo ya hewani. Kielekezi cha upepo kiunganishwe kwenye pini 32 hadi 39 peke yake, kwani zile za kundi la pili la kusoma volti, ADC2, hazisomi Wi-Fi ikiwa imewaka. Swichi za sumaku hurukaruka, basi programu ipuuze mpigo wowote wa mvua unaofuata mwingine ndani ya milisekunde 200. Saa ya DS3231 hupotea kama dakika moja tu kwa mwaka, ni nzuri mno, lakini bodi nyingi za bei nafuu zimewekewa sakiti ya kuchaji betri yake. Ukitia CR2032, isiyochajiwa, na kulisha bodi kwa volti 5, betri inaweza kuvimba. Ilishe kwa volti 3.3, au ondoa rezista ya kuchaji.

Umeme: paneli ya volti 6 na wati 3 pamoja na seli moja ya betri ya lithiamu ya 18650 yenye miliampia-saa 2,500 halisi zinatosha. Bodi za kawaida za ESP32 hula miliampia kadhaa hata zikiwa zimelala, kwa sababu ya kidhibiti volti na kijisanduku cha USB. Wastani wa miliampia 10 humaliza seli hiyo kwa siku kumi hivi bila jua, na mawingu ya Aprili hayawezi kuziba kiasi hicho mfululizo. Paneli iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 tu; ikilala kabisa itashika vumbi na maji. Kikasha cha betri kikae chini ya kivuli cha paneli hiyo, nyaya ziingilie kwa chini, na kila waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu.

Kipande cha SIM800L kinachouzwa kama nyongeza hatukipendekezi kwa kuanzia. Ni cha 2G peke yake, na wakati wa kutuma huvuta hadi ampia 2 kwa ghafla. Nyaya zikiwa nyembamba volti inaanguka na kifaa kinajizima. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu na pini zake husaidia. Data iandikwe kwanza kwenye kadi, inakiliwe kila Ijumaa, na nakala mbili zitunzwe kwenye kompyuta tofauti. Bando likiisha, rekodi isikatike.

Upepo ni sehemu dhaifu. Vikombe vya upepo hutoa kilomita 2.4 kwa saa kwa kila mpigo kwa sekunde, na upepo mwepesi hauvizungushi kabisa. Kiwango cha kimataifa ni mita 10 kutoka ardhini mahali pa wazi, na hatutaki kuona mwanafunzi akipanda mlingoti wa urefu huo. Weka mita 2 au 3, andika urefu, na usilinganishe kasi yako na ya uwanja wa ndege. Kielekezi hudai pande 16, ila upande wa mashariki kuna tatu zinazotofautishwa na chini ya volti 0.1, palepale ESP32 isiposoma vizuri. Tumia pande 8. Zinatosha kuonyesha upepo wa ziwa ukigeuka mchana, na darasa likiiona grafu hiyo linaelewa somo ambalo kitabu huliacha juujuu.

Mahali pa kusimamisha pachaguliwe kabla ya kununua. Kipimamvua kiwe mbali na mti au jengo kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti au jengo hilo. Uzio wa waya wa mita 1.5 wenye kufuli huzuia mpira, mbuzi, na wanafunzi wanaopenda kumimina maji kwenye faneli. Magharibi mwa Kenya, Kisii na Kakamega zikiwemo, radi ni hatari ya kweli: mlingoti wa chuma uunganishwe ardhini kwa fimbo ya shaba, usivute waya wowote kutoka kituoni hadi darasani, na mtu asikikaribie kunaponguruma.

Kuhusu tabianchi yenyewe, miaka miwili ya data haiwezi kuthibitisha mabadiliko. Kipindi cha kulinganisha kinachotumika sasa ni miaka 30, 1991 hadi 2020. Kituo cha shule kinaweza kutoa tarehe masika yalipoanza hapo hapo kijijini, siku ngapi zilizidi milimita 20, usiku ulipoa hadi wapi. Kisha wanafunzi wachukue makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayotokana na setilaiti na vituo vya ardhini na yanayoanzia 1981 kwa miraba ya kama kilomita 5, waone setilaiti inakosea wapi kwenye eneo lao. Hiyo ni kazi ya kisayansi kamili, na afisa wa hali ya hewa wa kaunti anaweza kusaidia kulinganisha na kituo rasmi.

Likizo ndiyo huua rekodi nyingi. Aprili shule zimefungwa na masika yako kileleni. Novemba na Desemba zimefungwa tena na vuli inanyesha. Mpangieni mlinzi au mfanyakazi anayekaa shuleni kusoma kipimamvua cha mkono, apewe daftari, kalamu na malipo yanayoeleweka. Kila muhula pigeni picha kutoka kituoni kuelekea pande nne. Darasa jipya likijengwa au mti ukikua, picha hizo zitaeleza kwa nini jotoridi lilibadilika mwaka fulani.

Wenye printa ya 3D au rafiki mwenye nayo waangalie michoro ya 3D-PAWS, mradi wa vituo vya hali ya hewa vya kuchapishwa wa UCAR (taasisi ya utafiti wa anga ya Marekani), ambao vituo vyake vimewekwa Kenya pia. Chapeni kwa plastiki ya ASA, kwani plastiki ya PLA hupinda juani. Shule iliyo jirani na kituo cha TAHMO (mtandao wa vituo vya hali ya hewa vya Afrika), ambacho hakina sehemu zinazozunguka, ina bahati ya kuwa na kipimo cha kulinganishia.

Pesa zikiwa nusu, nunueni kwa mpangilio huu: kipimamvua cha mkono, SHT31 na vifaa vya kivuli, bodi na saa, kisha kipimamvua cha kupinduka, upepo uje mwisho. Na mnapoagiza, ongezeni swichi mbili za sumaku, kihisi kimoja cha akiba na kadi ya pili, kwa sababu hivyo ndivyo huharibika kwanza na kuvisubiri katikati ya masika ni kupoteza msimu mzima.